Mlima wa Kubebwa na Watoto Wanne

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann akiwa safarini kwenda Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliinua macho akaona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, jibu lilikuwa neno moja: baridi. Msafara wao ulitoka Rabai, karibu na Mombasa, ukiongozwa na Bwana Kheri, na Rebmann anakumbukwa kwa kushika mwavuli mahali ambapo wengine wangeshika bunduki. Kilema alipokewa na mtawala wa huko, Mangi Masaki. Habari ya theluji karibu na ikweta ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika, aliikataa na kuendelea kuibishia kwa miaka mingi.

Tukio hili linangoja kuigizwa. Lina safari, lina mgeni na mwenyeji, lina ubishi, lina hata mwavuli. Na hakuna wenye haki ya kuliigiza kuwashinda watoto wa Kilema wenyewe. Basi tuseme darasa la 5 la shule yoyote ya huko limeamua hivyo, na wazazi wamealikwa. Swali la kwanza la mwalimu ni gumu: mlima utatoka wapi?

Mlima halisi uko hapo nje, na siku isiyo na mawingu unaonekana toka mlangoni. Watazamaji wote wameuona tangu wazaliwe, kwa hiyo hawatadanganyika kirahisi. Tena mlima wa jukwaani una kazi ambayo ule wa Mungu hauna. Onyesho la kwanza lazima uwepo, maana ndipo Rebmann anapouona. Onyesho la pili uondoke, kwa sababu watu wako uani kwa Mangi. La tatu ni London, ukumbini kwa wabishi, na humo mlima hauna nafasi. La mwisho urudi. Yote haya yafanyike kwa muda wa wimbo mmoja wa kwaya, kwa mikono ya watoto wa miaka 10 na 11, bila kumwangukia yeyote.

Sura hii inahusu kazi hiyo: kutengeneza vifaa vya jukwaani ambavyo watoto wanaweza kuvihamisha wenyewe, na ambavyo vikishatulia mahali pake havitikisiki.

Mara nyingi kazi hupelekwa kwa fundi seremala wa jirani. Fundi ni mtu wa milango, vitanda na mapaa ya nyumba. Amezoea vitu vya kudumu miaka 30. Akiambiwa mlima, atachukua plaiwudi ya milimita 12, ubao mzima wa futi 8 kwa 4, na kuufunga kwenye fremu ya mbao mbili kwa nne. Anafanya kazi safi, hana lawama. Tatizo linajitokeza siku ya mazoezi. Ubao ule wa plaiwudi peke yake una kilo 20 hivi. Mbao mbili kwa nne za msonobari, zikifika mita 14 za fremu na mihimili, zinaongeza kilo 35. Mlima sasa una kilo zaidi ya 50. Wanaume wawili wanaitwa kuubeba, wanapita katikati ya onyesho na viatu vyao vya kazini, na mchezo wa watoto unageuka kuwa wa watu wazima wanaohamisha samani.

Mwaka unaofuata mwalimu anakwenda upande wa pili. Anataka wepesi, basi anaunganisha maboksi ya katoni, anayapaka rangi, anayasimamisha kwa vijiti viwili. Mtoto mmoja akipita mbio na kanga inayopepea, mlima unalala chini. Watazamaji wanacheka, na mtoto aliyekuwa akisema maneno yake anayasahau.

Kuhama na kusimama vinagombana, lakini mlimani Kilimanjaro ugomvi huo si mgeni. Maisha ya vihambani, kwenye ukanda wa migomba na kahawa kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ni maisha ya kubeba vitu kwenye mteremko: majani ya ng'ombe kutoka tambarare, mikungu ya ndizi kwenda sokoni, ndoo za maji. Na jikoni yamekaa mafiga. Waswahili husema figa moja haliinjiki chungu, na mtu anaweza kuongeza jambo ambalo kila mpishi analijua kwa mikono yake: mafiga manne yanaweza kuyumbisha chungu, matatu hayayumbishi. Vituo vitatu hukaa sawa hata ardhi ikiwa na matuta. Kigoda cha miguu mitatu hutulia kwenye sakafu ya udongo ambapo kiti cha minne hubisha hodi kila mtu anapojigeuza. Fundi wa jukwaa la watoto aanzie hapo, kwa sababu sehemu nyingi ambapo kazi yake itasimama si sakafu za kupimwa kwa pima maji. Ni kumbi za parokia, mabaraza ya shule, na nyasi za uwanja wenye mwinamo.

Hata hivyo miguu mitatu haimalizi kazi. Kitu huanguka pale kitovu cha uzito wake kinapovuka ukingo wa kitako chake. Chukua ukuta wa jukwaani wenye urefu wa mita 2.4 na uzito wa kilo 20, uliosimama juu ya miguu yenye upana wa sentimita 40 tu. Mtoto akiuegemea kwa bega, kwenye kimo cha mita 1.2, nguvu inayotosha kuuangusha ni sawa na uzito wa kilo 3 na kidogo. Ni nguvu ya kusukuma mlango wa kabati. Upana wa kitako ukiongezwa hadi mita 1.2, nguvu hiyo inapanda kufikia kilo 10. Sasa weka chini kabisa, juu ya miguu ileile, vidumu viwili vya lita 5 vilivyojazwa mchanga mkavu, kilo 8 kila kimoja. Inafika kilo 18. Ukuta ni uleule, rangi ni ileile, na mtoto aliyeegemea hana habari kwamba ameokolewa na vidumu vya mafuta ya kula.

Ufumbuzi ni huo: umbo na uzito vitenganishwe. Umbo lisafiri likiwa jepesi, na uzito ulifuate likishafika. Mafundi wengi wa majukwaa duniani hufanya hivyo kwa vyuma na mifuko ya mchanga iliyoshonwa. Kilema itafanya kwa viroba na vidumu. Watoto wanne wanaleta mlima, wanautua, kisha wengine wanne wanakuja nyuma yake, wawili kwa kila kidumu, wanaviweka kwenye kitako na kuondoka. Wakati wa kuhamisha, vidumu hutangulia.

Kuhusu ukubwa wa mzigo kuna kipimo cha kuazima. Washauri wa afya ya watoto husema begi la shule lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 30, hiyo ni kilo 3 hadi 4 na nusu. Watoto wanne wanabeba kwa pamoja, basi, kilo 18 ikiwa ndiyo mwisho kabisa. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi ya fundi kabla hajashika msumeno.

Mlima wenyewe utengenezwe kama kitabu. Ni kurasa mbili za fremu zilizounganishwa kwa bawaba tatu katikati, moja ikiwa na kilele cha Kibo chenye mgongo mpana, nyingine na Mawenzi yenye meno. Zikifunguliwa nusu, kama kitabu kinachosimamishwa mezani, kitako kinapatikana bila mguu wowote wa ziada. Fremu iwe ya mbao moja kwa mbili za msonobari, zilizopigwa randa pande zote ili zisiwachome watoto vibanzi, na pembe zifungwe kwa vipande vya pembetatu vya plaiwudi nyembamba ya milimita 4, gundi na skrubu pamoja. Msumari mtupu hulegea baada ya kuhamishwa mara kumi. Juu ya fremu kivutwe kitambaa cha marekani, kipakwe uji mwembamba wa unga wa ngano uliotiwa gundi ya mbao, na kikikauka kitakaza kama ngozi ya ngoma. Mita 14 za mbao hizo zina kilo 9 hivi. Kitambaa, gundi na rangi vikiongeza 2 au 3, mlima mzima unakuwa na kilo 12. Kila mtoto anabeba kilo 3.

Theluji isipakwe rangi. Kipande cha shuka nyeupe kikining'inizwa kwenye kilele na kukunjwa nyuma ya fremu, mtoto mmoja anaweza kukivuta kwa kamba mbele ya macho ya Rebmann, na weupe ukashuka polepole. Watazamaji wa Kilema wanajua jinsi mawingu yanavyofunua mlima asubuhi. Hawahitaji kuelezwa.

Wazo la kusogeza jukwaa badala ya kusogeza watazamaji ni la kale. Wagiriki walikuwa na kitu walichokiita ekkyklema, jukwaa dogo la magurudumu lililosukumwa nje ya mlango kuonyesha jambo lililotokea ndani. Walikuwa pia na periaktoi, ambazo mjenzi Mrumi Vitruvius alizieleza katika karne ya kwanza kabla ya Kristo: miche ya pembe tatu, kila upande na picha yake, iliyozungushwa ili mahali pabadilike. Huko Osaka, Japani, mwandishi wa tamthilia za kabuki Namiki Shozo alianzisha mwaka 1758 jukwaa zima linalozunguka, likisukumwa na watu waliokuwa chini yake.

Afrika Mashariki ilijifunza kwa njia ya barabara. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa Makerere waliunda kundi la maonyesho la kusafiri, wakaenda vijijini Uganda na baadaye Kenya, wakiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Kundi la namna hiyo halina ukumbi. Leo ni uwanja wa shule, kesho ni soko. Kile kisichoingia ndani ya gari hakiigizwi. Nchini Kenya mashindano ya kitaifa ya maigizo ya shule yalianza mwaka 1959 na yanaendelea mpaka leo, na shule inayofuzu husafiri na mandhari yake kutoka ngazi moja hadi nyingine. Tanzania nayo ina shule yake kubwa ya fani hii, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Kwa watoto, mche wa pembe tatu wa Wagiriki bado haujapata mpinzani. Pande zake tatu zinaweza kuwa kihamba, soko la Himo na darasa. Au, kwa mchezo wa Rebmann, njia ya porini, boma la Mangi na chumba cha London. Kila upande uwe na upana wa mita 1 na kimo cha mita 2. Watoto wawili wanauzungusha. Mwalimu akiwa na miche mitatu kama hiyo, amepata kuta tisa kwa nafasi ya meza tatu, na kila ubadilishaji ni hatua nne za miguu.

Lakini hapa panahitaji uangalifu, maana macho hudanganya. Mche huo unaonekana mnene, na kumbe pembetatu yenye upande wa mita 1 ina sentimita 29 tu kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kwa hiyo kimo kisizidi mara mbili ya upana wa upande, na vidumu vya mchanga vikae ndani, chini kabisa, vikiwa vimefungwa kwa mpira ili visitembee. Ndani ya mche ni mahali pazuri pa kuweka maleba na vitu vidogo vya mikononi. Si mahali pa mtoto kujificha.

Magurudumu ni chanzo cha ugomvi kati ya mafundi na walimu. Walimu huyapenda. Ukweli ni kwamba magurudumu madogo ya meza za ofisini hayafai kwa sakafu nyingi za kumbi zetu. Yakikutana na ufa wa saruji yanakwama ghafla, na kitu kirefu kinachosukumwa kikakwama miguuni huangukia mbele. Gurudumu liwe na kipenyo cha milimita 75 hadi 100 na tairi la mpira. Kwenye nyasi yasitumike kabisa. Hapo ni afadhali vipini viwili vya fito vilivyopita chini ya kitu, kama machela.

Anayetaka kuona gurudumu la mbao likifanya maajabu aende Goma, mashariki mwa Kongo. Huko vijana huteremka na chukudu, baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, ambazo magurudumu yake yamevishwa vipande vya mpira, zikiwa na mizigo ya mamia ya kilo ya viazi, makaa na mbao. Mji umezijengea sanamu. Fundi anayeweza kutengeneza chukudu anaweza kutengeneza gari la jukwaani kwa siku moja, na ndani ya Moshi mafundi wa namna hiyo wapo kila mtaa wenye gereji.

Chukudu zinafundisha na jambo la pili: mteremko hausamehe. Katika Kilema uwanja uliosawazishwa vizuri bado unaweza kuwa na mwinamo ambao jicho halioni, na kitu cha magurudumu hukiona mara moja. Breki ndogo za kukanyaga huteleza. Kinachoaminika ni kabari ya mbao iliyofungwa kamba kwenye gari lenyewe ili isipotee, mbili kwa kila kitu, moja mbele na moja nyuma. Kuna njia nyingine iliyo bora zaidi: magurudumu yawekwe upande mmoja tu wa kitako, juu kidogo ya sakafu, kama ya begi la safari. Kitu kikisimama wima kinakaa kwenye mbao zake na magurudumu hayagusi chini. Kikiinamishwa ndipo yanagusa na kutembea. Hapo hakuna breki ya kusahau.

Kitu kinachosimama bila kuanguka ni nusu ya fani. Nusu ya pili ni kitu kinachotakiwa kuanguka.

Penina Muhando, ambaye leo wengi wanamjua kama Profesa Penina Mlama, alichapisha mwaka 1982 tamthilia ya *Nguzo Mama*. Katika kijiji cha Patata wanawake wanajaribu kusimamisha nguzo, na nguzo inawashinda kwa sababu ya mambo yaliyo kati yao. Tamthilia nzima inauzunguka mti mmoja. Shule ya sekondari inayoiweka jukwaani inahitaji nguzo ambayo mtazamaji ataamini kwamba ni nzito hata wanawake wengi hawaiwezi, ambayo itainuka nusu, iyumbe, ianguke, na irudie hivyo mara kadhaa bila kumvunja msichana mkono.

Wengi hudhani jibu ni wepesi. Wanatafuta bomba la plastiki, wanalizungushia gunia, basi. Wepesi unasaidia, ila kuna hesabu moja inayopaswa kujulikana. Nguzo ya mita 2.5 ikianguka yenyewe kutoka wima, ncha yake hugusa chini kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, iwe nzito au nyepesi. Ni mwendo wa baiskeli inayoteremka barabara ya mlimani bila breki. Bomba la kilo 4 kwa mwendo huo linaumiza.

Kwa hiyo nguzo isiachwe huru. Kitako chake kiwe fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, iliyolazwa sakafuni na kukandamizwa kwa viroba vinne vya mchanga. Mguu wa nguzo upite katikati ya mbao mbili zilizosimama juu ya kitako hicho, na bolti nene ipenye zote tatu. Sasa nguzo haiwezi kuanguka popote inapotaka. Inaweza kulala mbele au nyuma tu, kama lango linaloinuliwa. Kamba ifungwe karibu na ncha, ipite kwenye pete iliyo juu ya nguzo ya jukwaa au nyuma ya pazia, na mwisho wake ushikwe na mwanafunzi mmoja mwenye nguvu na masikio. Huyo ndiye anayeangusha na ndiye anayezuia. Wasichana walio mbele wanaigiza uzito, yeye anaubeba. Mwili wa nguzo ufungwe sponji ya godoro kuukuu, kisha magunia, kisha magome makavu ya mgomba ambayo kwa mbali hufanana na gome la mti mkubwa kuliko rangi yoyote.

Wanafunzi wachorewe chaki sakafuni, mistari miwili kutoka kwenye kitako hadi pale ncha inapofika, na katikati ya mistari hiyo asikanyage mtu isipokuwa kwa agizo. Mazoezi ya kwanza nguzo iteremke polepole kwa kuhesabu hadi kumi. Ya pili, hadi saba. Siku ya onyesho inateremka kwa kuhesabu hadi tatu na ukumbi wote unashtuka. Sauti ya kishindo hutoka kwa ngoma iliyo nyuma ya pazia.

Penina Mlama na mwenzake Amandina Lihamba walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996. Wasichana wa sekondari walitumia sanaa za maonyesho kuyataja matatizo yanayowazuia kusoma na kutafuta ufumbuzi wao wenyewe, na baadaye mtindo huo ukaenezwa katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika. Jina lenyewe linatosha kueleza kusudi. Msichana anayeambiwa aseme juu ya maisha yake hawezi tena kuambiwa asiguse meza ya jukwaani kwa kuwa fundi tu ndiye anayejua inavyokaa. Vifaa vikiwa vya ukubwa wake, jukwaa ni lake. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na kilo, na inazidi hata ile ya usalama.

Ukumbi unapokuwa wa watoto wadogo zaidi, kazi hurahisika kwa upande mmoja na kuwa ngumu kwa mwingine. Desemba, wenyeji wanaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kula Krismasi nyumbani, parokia hujaa, na watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu huigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kanisa Katoliki liko Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na igizo la Noeli ni desturi inayopendwa. Kifaa kikuu ni hori. Hori linatengenezwa kwa vipande vya mgrevilia vilivyobaki kwenye kupogoa, likiwa na miguu iliyopishana kama herufi ya X, na hapa ndipo wengi hukosea: X isiyo na ubao wa kuunganisha chini hufunguka mtoto akiegemea. Ubao mmoja wa sentimita 60 kati ya miguu unaimaliza shida. Pango nalo linaweza kuwa mianzi mitatu iliyofungwa juu kwa kamba na kufunikwa turubai, mafiga yaleyale kwa kimo kingine.

Majani makavu ya migomba ni pambo zuri la pango, na pia ni kibatari. Yakiwekwa karibu na mishumaa, kama inavyofanyika mahali pengi, hatari yake haielezeki. Tochi ndogo ndani ya kopo lililotobolewa hutoa mwanga unaofanana na wa mshumaa. Katika kumbi zenye mlango mmoja, hili halina mjadala.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kilema ni mahali pa mvua na ukungu. Kitambaa kilichopakwa uji wa unga kikihifadhiwa stoo yenye unyevu kati ya Machi na Mei kitaota ukungu, na panya watakila. Koti moja jembamba la rangi ya mafuta nyuma ya kitambaa husaidia. Mbao zihifadhiwe zikiwa zimelala juu ya matofali, si kuegemezwa ukutani, la sivyo mwaka ujao kurasa za mlima hazitafungika. Katoni haivumilii hata masika moja. Itumike kwa mapambo ya kutupwa.

Vipo vitu ambavyo havihitaji kutengenezwa. Ua la boma la Mangi Masaki lipandwe kwa masale halisi, mmea ambao Wachaga huuheshimu kama alama ya amani na ambao umezunguka vihamba vingi. Matawi yake yakichomekwa kwenye makopo ya mchanga yanasimama saa nyingi bila kunyauka, na kila kopo hubebwa na mtoto mmoja. Mwavuli wa Rebmann upo kwenye nyumba ya bibi fulani. Shoka la plastiki halimshawishi mtu aliyekua akichanja kuni. Kipini cha kweli chenye ubapa wa mbao laini uliopakwa rangi ya chuma kinamshawishi.

Kabla ya mazoezi ya kwanza kila kitu kijaribiwe na mtu mzima. Akisukume kwa kiganja kimoja kwenye kimo cha bega la mtoto, kwa nguvu ya kusukuma mlango mzito, kutoka pande zote nne. Aning'inie kidogo pale ambapo mtoto anaweza kushawishika kushika. Apitishe mkono kwenye kingo zote akitafuta vibanzi na ncha za skrubu. Kisha watoto wachaguane nahodha wa kila kitu, mmoja anayesema "inua", "tembea" na "tua", na neno "acha" liwe la kila mtoto, hata aliye mdogo kuliko wote. Likitamkwa, wote wasimame.

Mwalimu anayepanga onyesho la mwaka huu asingoje rangi ikauke ndipo ajue uzito wa alichotengeneza. Vijiji vya mlimani vina vyama vya ushirika vya msingi, na vyama hivyo vina mizani ya kupimia kahawa. Fremu ikiwa bado tupu, ipelekwe huko ikapimwe mbele ya watoto watakaoibeba. Ikizidi kilo 18 ikijumlishwa na zile 3 za kitambaa, gundi na rangi, irudi kwa fundi.